Taarifa ya Amani Kutoka Kaburini

Naandika taarifa hii nikiwa nimelala chali ndani ya kaburi, na kwa manufaa ya wizara naeleza mapema kwamba sijafa. Nina afya njema, ukiacha magoti yanayogongana na ulimi uliokauka. Kaburi si langu. Ni la Bi Siwema binti Mtoro, raia wa Ng'ambo, ambaye yuko hapo juu pembeni, amefunikwa kanga mbili, anasubiri nitoke ili aingie. Watu wake wamelizunguka shimo. Nikitazama juu naona kipande cha mbingu chenye umbo la mlango, na kwenye kingo zake vidole vya miguu vya watu wengi wasiosema kitu. Wawili kati yao wameshika majembe, na sipendi wanavyoyashika.

Kalamu ninayo, daftari la serikali ninalo, na mwanga unatosha kwa kuwa ni saa nne asubuhi. Karani mwenye vitu hivyo vitatu hana kisingizio. Naitwa Hemedi Kigogwe, Karani Daraja la Tatu, Idara ya Akiba za Moyoni, Wilaya ya Kindwe. Naogopa sana. Nalisema wazi kwa sababu niliwahi kuwauliza makao makuu kama kuogopa kunaruhusiwa, wakanijibu kwa barua yenye mihuri miwili kwamba kunapendekezwa.

*

Nchi yetu ni nchi ya amani. Hili limeandikwa kwenye vifuniko vya soda, kwenye madaftari ya shule na kwenye kuta za magereza yote. Lakini haikuwa hivyo siku zote.

Sisi na Ng'ambo tumetenganishwa na Mto Kindwe, ambao kiangazi unaweza kuuvuka bila kulowesha goti. Katikati ya mto kuna fungu la mchanga. Masika huzama, kiangazi huibuka, na kila lilipoibuka serikali zetu mbili zilipigana kujua ni la nani. Vita vya kwanza vilikwisha kwa mvua. Vya pili pia. Vya tatu vilikwisha kwa sababu Mtukufu Rais aliumwa jino, na wakati akimsubiri daktari akasomewa kitabu cha Profesa Tibaro, mwanafalsafa wetu wa taifa. Kitabu kilisema kwamba amani zote zilizowahi kutiwa sahihi duniani zilikuwa mapumziko ya kunolea mapanga, na kwamba amani ya milele itapatikana siku mataifa yatakapopatana bila kubakiza akiba ya vita moyoni. Mtukufu alilia. Wapo waliosema ni jino. Hao bado wanatulia, na nitaeleza maana yake.

Basi ukaandikwa Mkataba wa Amani ya Milele. Kifungu cha Kwanza kilisema hivi: mkataba huu ni batili iwapo yeyote kati ya wanaoutia sahihi ameweka akiba ya vita moyoni mwake. Mimi nakiri kwamba nilipokisoma kile kifungu nywele zilinisimama kwa uzuri wake. Katika Bunge, mbunge mmoja ambaye sasa hakumbukwi aliuliza kilichomo moyoni kitajulikanaje. Profesa Tibaro, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amekuwa Waziri wa Amani ya Milele, alisimama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mheshimiwa Spika," akasema, "hilo kifalsafa ni swali gumu mno, limewashinda wenye akili kwa karne nyingi. Kiutawala ni jepesi. Tutaangalia."

Na kwa kuwa Mtukufu alitia sahihi kwa niaba ya wananchi wote, moyo wa kuangaliwa haukuwa mmoja. Ilikuwa mioyo milioni kumi na moja na ushee. Ndipo ikaanzishwa idara yetu.

Kifungu cha Pili kilifuta majeshi. Jeshi letu lilifutwa siku ya Jumatatu, na Jumanne askari wale wale wakaapishwa kuwa Walinzi wa Amani, wakavikwa kofia nyeupe, na idadi yao ikaongezwa mara mbili, maana amani ni kubwa kuliko vita. Mizinga ilipakwa rangi nyeupe ikaachwa inaangalia kule kule ilikokuwa ikiangalia. Kifungu cha Tatu kiliitwa cha Ukarimu: mgeni kutoka nchi moja akiingia nchi ya pili, asipokelewe kwa uadui bali akaribishwe. Kwa ajili hiyo kambi ya zamani ya jeshi iliitwa Nyumba ya Utulivu. Tangu hapo katika nchi yetu hakuna mtu anayekamatwa. Watu hukaribishwa. Ukimuuliza Mlinzi wa Amani habari za aliyekaribishwa, atakujibu kwa upole, "Bado anatulia."

*

Kazi yangu ilikuwa kusikiliza. Daftari lina safu tano: tarehe, mahali, jina la msemaji, neno baya lililosikika dhidi ya Ng'ambo, na ya mwisho, hali ya amani. Makarani wenzangu wa wilaya nyingine walijaza kurasa mpaka wakaomba madaftari mapya. Kulikuwa na muuza mkaa aliyesema mkaa wa Ng'ambo unatoa moshi. Akakaribishwa. Kulikuwa na mwalimu wa jiografia aliyefundisha kwamba mto unatoka kwao unakuja kwetu kwa kasi. Neno kasi lilichunguzwa na kamati ya watu saba, mwalimu akakaribishwa, na mto ukaandikiwa onyo.

Watu wakaogopa, na waliponyamaza wakaambiwa kwamba kunyamaza ndiyo kuweka akiba kwenyewe. Kwa hiyo nikipita sokoni wauza nyanya walikuwa wanaanza kuisifia Ng'ambo kwa sauti, tena kwa ghafla, huku wakipanga upya mafungu yaliyokwisha kupangwa. Nilikuwa natamani kuwaambia kwamba na mimi naogopa kama wao. Lakini karani haambii watu kitu.

Ajabu ni kwamba katika Wilaya ya Kindwe, inayopakana na mto wenyewe, kila siku kwa miaka minne niliandika neno moja katika safu ya nne: Hakuna. Makao makuu walifurahi sana. Hawakujua, na leo nawaambia, kwamba hakuna wilaya inayotukana Ng'ambo kama Kindwe. Tunawatukana asubuhi, tunawatukana mchana, na wao wanatutukana zaidi.

*

Hapa lazima nieleze kitu ambacho hakimo katika kitabu cha Profesa.

Mababu zetu na mababu zao walichinjana. Si kwa ajili ya mchanga; hakuna anayekumbuka ni kwa ajili ya nini. Walichinjana mpaka pande zote mbili wakakosa wazee wa kuozesha binti zao. Ndipo wakakutana mtoni, wamechoka, wakakubaliana hivi: sisi na nyinyi ni watani. Kila baya tulilo nalo juu yenu tutawaambia usoni, na nyinyi mtatuambia usoni, na atakayekasirika atatoa jogoo. Hawakuandika, kwa kuwa hakuna aliyejua kuandika. Hawakuweka ulinzi pia.

Siku ya msiba ndipo utani unapokuwa kazi. Mtu wa kwetu akifa, wao ndio huja kumchimbia, na hutukana kila hatua. Huvaa nguo zake, huiga mwendo wake, hunyang'anya sufuria jikoni. Mwisho mtani mkuu hulala ndani ya kaburi na kusema limetekwa, hazikwi mtu humo mpaka aletewe jogoo. Akipewa, hutoka akicheka, na mfiwa hujikuta anacheka naye huku machozi yakimtoka. Mtu wao akifa, tunakwenda sisi. Serikali zimepigana vita vitatu, na katika vyote watu wa mtoni walifichana chini ya vitanda vya wenzao huku wakitukanana kwa minong'ono.

Kuna sharti moja tu, ambalo baba yangu, Mzee Kigogwe, alinifundisha nikiwa mdogo. Mtani hatolewi kaburini kwa nguvu. Siku akitolewa kwa nguvu, mapatano ya mababu yamekwisha, na kila upande ujue unalala vipi.

Mtani mkuu wa baba alikuwa Bi Siwema. Alikuwa mfupi, mweusi tititi, mwenye sauti ya kuvunja vyungu. Alimtukana baba kwa miaka hamsini, na baba akiwa mgonjwa mwaka huu alivuka mto kila Ijumaa kumletea uji wa ulezi na kumwambia kwamba hata mauti yamemkataa kwa uvivu. Baba aliunywa wote. Wiki ya mwisho alinishika mkono.

"Hemedi," akasema, "nisizikwe kimya kama mbwa wa serikali. Siwema anitukane. Yule jogoo mwekundu umfunge nyuma ya jiko, ni wake."

Nikamwahidi. Nilimfunga jogoo siku hiyo hiyo.

*

Kwa bahati, neno ambalo sitalitumia tena, wiki ile ile Kindwe ilitangazwa Wilaya ya Mfano wa Amani, kutokana na Hakuna zangu. Waziri mwenyewe angekuja na Balozi wa Ng'ambo. Walipofika, baba alikuwa amekata roho tangu alfajiri. Nilidhani wataondoka. Waziri alinikumbatia, akanipa pole, akasema msiba wa baba wa karani wa mfano ni nafasi ambayo falsafa haiipati kila siku, na kwamba atahutubia.

Nilituma mtu mtoni amzuie Bi Siwema. Aliniletea jibu lake: "Mwambie Hemedi mimi sikuja kwa mwaliko wake hata siku moja."

Tulikuwa makaburini, Waziri yuko dakika ya arobaini ya hotuba yake.

"Ndugu wafiwa," alikuwa anasema, "marehemu ametuonyesha njia. Tazameni alivyolala! Hana akiba yoyote moyoni. Raia wote wa nchi zetu mbili wangekuwa katika hali yake, amani ya milele ingekuwa imepatikana leo."

Balozi akapiga makofi. Kapteni wa Walinzi akapiga makofi. Sisi tukapiga. Hapo ndipo sauti ya kuvunja vyungu iliposikika kutoka njia ya mtoni.

Alikuja amekwisha kupitia nyumbani kwetu, amevaa koti la baba, akivuta mguu wa kushoto kama baba, nyuma yake binti yake Mashavu na wanawake kumi na wawili wa Ng'ambo waliobeba majembe na sufuria yetu.

"Kigogwe! Mvivu we!" akapaza sauti. "Umengoja mpaka msimu wa palizi ndipo ufe, ili usilime! Na sanda nyeupe! Toka uoe hujavaa nguo safi, leo unamringia nani? Na nyinyi wa huku, msinililie hapa. Mnalia kwa vile pilau limechelewa!"

Watu wa Kindwe wakang'ata midomo wasicheke. Walikuwa wanaiangalia miguu yangu, wajue kama nitakimbia. Bi Siwema akafika mbele ya Waziri, akampima kwa macho kuanzia chini.

"Na huyu je? Mbona hamkusema ni maiti wawili? Mwenye tumbo hili kaburi moja halimtoshi."

Kisha akaruka ndani ya kaburi la baba, akalala, akakunja mikono.

"Limetekwa!" akasema kutoka chini. "Hapa ni Ng'ambo! Nileteeni jogoo, na asiwe na mafua!"

*

Waziri alikuwa amekwajuka. Akanong'ona, "Amesema limetekwa?"

"Ndiyo, Mheshimiwa," Kapteni akasema. Alikwisha kutoa utepe wa kupimia. "Futi sita kwa mbili na nusu. Kina, futi tano."

Balozi alikuwa anatetemeka kuliko Waziri. Baadaye nilielewa. Kwao kuna wizara kama yetu, idara kama yetu na nyumba kama ile, na raia wake alikuwa amekiuka Kifungu cha Kwanza mbele ya macho yake. Akapiga moyo konde, akanyoosha kidole.

"Serikali yangu inalaani uvamizi huu!"

"Serikali yangu imeshalaani," Waziri akasema.

"Mimi nimelaani kwanza, Mheshimiwa."

"Moyoni nilikutangulia, Balozi."

Wakatazama saa zao. Wakabishana dakika ishirini nani ana amani zaidi, jua likiwa utosini na baba yangu yuko juani. Walipopatana ilikuwa kwa jambo moja tu: kwamba mwanamke huyu ni hatari kwa mataifa yote mawili na akaribishwe na mataifa yote mawili, aanzie kwetu. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba kuna jogoo nyuma ya jiko, hatua chache tu.

"Kumpa mvamizi kitu," Kapteni akasema, "ni kukubali kwamba ameteka."

Waziri akanigeukia. Alikuwa ameshika daftari langu. "Karani. Miaka minne umeandika Hakuna. Mwanamke huyu aliwahi kusema maneno haya kabla ya leo?"

Nilijua jibu. Kila mtu pale alijua jibu. Ningesema ndiyo, siku zote, tangu mababu, basi daftari ni la uongo na mimi ndiye niliyeficha akiba ya vita ya wilaya nzima. Bi Siwema alikuwa bado anacheka kule chini.

"Mwambie, Hemedi!" akasema. "Mwambie nilivyomtukana babu yako mpaka maiti akakaribia kucheka!"

Nikasema, "Ni mara ya kwanza, Mheshimiwa."

Bi Siwema akaacha kucheka. Hakukasirika, mtani hakasiriki. Alinitazama kutoka kule chini kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. Walinzi wanne walipoingia kumshika, ndipo nilipomsikia kwa mara ya kwanza maishani mwangu akizungumza kwa sauti ya kawaida, sauti ya bibi mzee aliyeogopa.

"Jamani, msinitoe kwa nguvu. Mtani hatolewi kwa nguvu. Mnipe hata unyoya. Unyoya mmoja tu, nitatoka mwenyewe."

Wakamtoa. Koti la baba lilichanika begani, likamvuka, likabaki pembeni ya kaburi. Mashavu alisimama pale na sufuria yetu mikononi, akaiweka chini taratibu, wakaondoka wote kumi na watatu bila neno. Baba alizikwa kimya. Kitu pekee kilichosikika ni jogoo, anawika nyuma ya jiko.

*

Miezi mitatu iliyofuata ilikuwa ya amani kuu. Hakuna aliyevuka mto. Hakuna aliyetukana. Wanawake waliokuwa wakifua wakitazamana ng'ambo na ng'ambo, wakiambiana mambo ya waume zao, sasa walifua wamegeuza migongo. Mwezi wa kwanza wavu mmoja wa kwetu ulikutwa umekatwa. Mwezi wa pili mbuzi wawili wa Ng'ambo walikutwa wamekatwa miguu. Niliyaandika yote nikayapeleka makao makuu, nikajibiwa kwamba nyavu na mbuzi havimo katika mkataba. Wizara ilitangaza kwamba kwa mara ya kwanza katika historia hakuna neno moja baya linalosikika mtoni, upande wowote. Kila serikali ikaleta mizinga mingine myeupe kuulinda ukimya huo.

Mimi nilikuwa silali. Baba aliniambia zamani jinsi ilivyoanza enzi za mababu: walinyamaziana kwanza.

Juzi Bi Siwema alirudishwa. Walimleta kwa mtumbwi wa serikali, na cheti chenye mihuri ya nchi zote mbili. Kilisema: ametulia kikamilifu.

Sasa, mtu wa Ng'ambo akifa tunakwenda sisi. Nilipita nyumba kwa nyumba Kindwe. Watu walinisikiliza wamesimama mlangoni, hawakunikaribisha ndani. Mmoja alisema, "Wewe ndiye uliyesema ni mara ya kwanza. Nenda useme na ya mwisho." Wengine walitazama chini tu. Niliona mapanga yaliyonolewa, yameegemezwa ukutani kama mifagio. Nikajua kwamba Bi Siwema akizikwa kimya, fungu la mchanga halitahitajika tena. Watu watauana bila hata kusingizia mchanga.

Asubuhi hii nikavaa koti la baba, lile lililochanika. Nikachukua daftari. Walinzi wa Amani mtoni waliniuliza ninakwenda wapi, nikasema ukaguzi. Daftari la serikali hupita mahali popote. Wakaniambia nipite, lakini wanamwita Kapteni, naye atanisubiri nikirudi ili anikaribishe.

*

Nilipofika walikuwa wameshachimba wenyewe, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Niliwakuta kama watu mia mbili. Karani wa Ng'ambo naye alikuwepo, kijana mwembamba mwenye daftari kama langu, kalamu tayari. Nikajaribu kuvuta mguu kama Bi Siwema alivyokuwa akivuta alipomwiga baba, lakini nikajikwaa. Hakuna aliyecheka.

"Siwema!" nikasema. Sauti ilikatika, nikaanza upya. "Siwema, mdomo bakuli! Umekufa bila kurudisha sufuria ile nyingine, ya mama, na uji wako ulikuwa na mchanga miaka yote! Baba alikuwa anaunywa kwa kukuogopa! Na mbona yuko kimya, huyu? Siwema hajawahi kunyamaza, huyu si yeye, mmeniletea mwingine!"

Hapo nikalia, jambo ambalo mtani haruhusiwi. Nikaruka ndani ya kaburi kabla miguu haijabadili mawazo. Nikasema limetekwa, hapa ni kwetu. Nikaomba jogoo.

Ni muda mrefu sasa. Nimeandika yote haya na hakuna aliyejibu. Nasikia wanashauriana. Mmoja wa wale wenye majembe, nadhani ni shemeji wa marehemu, amesema, "Tumfukie tu. Atatulia." Konzi ya udongo imeniangukia tumboni. Katika utani hurushwa udongo kidogo kumtisha mtani, na ninajaribu kukumbuka huwa ni kiasi gani. Imeanguka ya pili, kubwa zaidi. Nimefunika daftari kwa koti. Nataka kutoka, nataka sana, miguu inajikunja yenyewe, lakini nikitoka mikono mitupu nitakuwa nimejitoa kwa nguvu mwenyewe. Ee Mungu, naogopa. Nilimwona Bi Siwema akiogopa hivi hivi, na nilikuwa juu.

Sasa kuna kichwa kimejitokeza penye mwanga. Ni Mashavu. Amefanana na mama yake kuliko nilivyokumbuka. Ananitazama, na siwezi kuusoma uso wake.

"Jogoo hakuna," anasema. "Jogoo wote wa Ng'ambo wamekimbia walipoiona sura yako."

Mkono wake umefunguka juu ya shimo. Kitu chepesi kinashuka, kinazunguka, kinachelewa, kimetua kwenye ukurasa huu. Ni unyoya mmoja, mweupe.

"Shika huo," anasema, kisha sauti yake inapanda, inapanda, mpaka imekuwa ya kuvunja vyungu. "Toka humo, karani mwoga we! Unamnukishia mama kaburi! Na koti hilo ulivue nilishone, watu wasidhani Ng'ambo tumezika kunguru!"

Kuna mtu amecheka kule juu. Mmoja. Sasa wengine. Karani wa Ng'ambo ameinama juu ya daftari lake na ameandika neno moja tu. Nimeliandika neno hilo miaka minne, naujua mkono unavyokwenda.

Mimi siwezi kuliandika tena. Nitatoka, tutamzika Bi Siwema kwa matusi yote anayostahili, kisha nitavuka mto mpaka alipo Kapteni na kumkabidhi daftari hili. Najua ninakokwenda na nani atasema bado ninatulia. Kwa hiyo najaza safu zote, kwa mara ya kwanza kwa ukamilifu. Tarehe, ya leo. Mahali, kaburini kwa Bi Siwema. Jina la msemaji, Hemedi Kigogwe. Neno baya lililosikika dhidi ya Ng'ambo: mdomo bakuli, uji wenye mchanga, sufuria isiyorudishwa. Na kabla ya leo, kila siku, tangu mababu.

Safu ya mwisho inauliza hali ya amani. Nimeandika kwamba ipo. Mwandiko si mzuri kwa kuwa mkono unatetemeka, lakini unasomeka.